Kupanda na Kushuka Milima ya Ngong Bila Kuumiza Magoti

Wengi hujiandaa kwa mpando wakasahau mteremko. Ngong, milima iliyo karibu na Nairobi, ina vilele saba juu ya mgongo mmoja: ukimaliza kupanda unashuka, kisha unaanza tena. Wanaoumia ni magoti na vidole.

1. Usiku wa kuamkia safari, kata kucha za miguu ziwe fupi. Andaa viatu vyenye soli ya meno marefu. Raba za kutembelea mjini huteleza. Beba maji lita 2, ndizi, mayai ya kuchemsha na koti la kuzuia upepo.

2. Kutoka Nairobi, panda matatu namba 111 hadi mji wa Ngong, kisha bodaboda hadi lango la msitu. Ada hulipwa kwa simu, kwa hiyo iwe na chaji. Mkiwa wachache, ombeni askari wa misitu awasindikize. Tafadhali usiende peke yako.

3. Ukishapita mitambo ya umeme wa upepo, njia inakuwa wazi na vilima vinaanza kuwa vikali. Piga hatua fupi, nyayo nzima ikanyage chini. Ukipandia vidole tu, misuli ya mashavu ya miguu itakaza kabla ya kilele cha tatu. Palipo wima sana, kata kona kushoto na kulia. Ukishindwa kumaliza sentensi moja bila kuhema, punguza mwendo.

4. Kileleni vaa koti kwanza, ndipo upumzike. Upepo wa Bonde la Ufa hupoza jasho haraka mno.

5. Hapohapo, kabla ya kushuka, funga viatu upya. Gonga kisigino chini kirudi nyuma kabisa, kisha kaza kamba kwenye kifundo, huku mbele ukiacha vidole vipumue. Usipofanya hivi mguu huteleza ndani ya kiatu, vidole vinagonga ncha, na kesho yake kucha ni nyeusi.

6. Shuka magoti yakiwa yamekunjwa kidogo. Usikimbie hata kama mteremko unakuvuta. Udongo uliolainishwa na miguu ya watu huteleza hata ukiwa mkavu; kanyaga kandokando, penye mashina ya nyasi. Mvua ikiwa imenyesha, geuka ubavu.

7. Pima nguvu zako mapema. Lamwia, kilele kirefu kuliko vyote (takribani mita 2,460), kiko upande wa kusini, na kurudi Ngong kwa miguu ni kuvipanda vilima vilevile tena. Ukiwa bado mzima, endelea hadi Kona Baridi, barabara ya Magadi, upate gari la kwenda mji wa Kiserian.