Namna ya Kuandaa Kijitabu cha Kuchapwa na Ukurasa Wake wa Tovuti

Mwanafunzi wa usanifu wa michoro anayejifunza uchapaji na usanifu wa tovuti kwa pamoja huzoea kumaliza kazi upande mmoja, kisha akaibana au kuitanua ili ienee upande wa pili. Mimi nashauri njia nyingine. Chukua maudhui yale yale, mathalani maelezo ya maonyesho ya picha, uyatengenezee kijitabu cha kurasa 8 na ukurasa mmoja wa tovuti, na kila kimoja ukianze kwa kufikiria kitakapoishia: karatasi itakayokunjwa na kukatwa, na skrini ambayo hujui upana wake. Tofauti kubwa baina ya kazi hizi mbili si rangi wala programu, bali ni nani mwenye kauli ya mwisho. Katika uchapaji kila kipimo unakiamua wewe, na nakala zikishatoka hakuna marekebisho. Katika tovuti sehemu ya uamuzi imo mikononi mwa msomaji, na unapaswa kumwachia.

Kabla ya kufungua programu yoyote ya usanifu, maliza maandishi. Yahariri katika faili la kawaida lisilo na mapambo, ukiweka bayana kipi ni kichwa kikuu, kipi ni kichwa kidogo na kipi ni maelezo ya picha, kwa sababu mpangilio huo ndio utakaotumika pande zote mbili. Kosa la tahajia linalogunduliwa baada ya kurasa kupangwa hulazimika kusahihishwa mara mbili, na kwa kawaida mara moja husahaulika.

Sasa tengeneza kielelezo cha kijitabu kwa mikono yako. Chukua karatasi mbili za A4, zipachike moja ndani ya nyingine, zikunje katikati, kisha andika namba za kurasa kuanzia 1 hadi 8. Ukizikunjua utaona kwamba ukurasa wa 8 umekaa ubavuni mwa ukurasa wa 1, na wa 2 umekaa na wa 7. Ndiyo sababu kijitabu kinachobanwa kwa pini katikati lazima kiwe na idadi ya kurasa inayogawanyika kwa 4. Hata hivyo, usipange kurasa zako kwa mfuatano huo katika faili. Mkabidhi mchapaji kurasa mojamoja kwa utaratibu wa kusoma, kwa kuwa kuzipanga juu ya karatasi kubwa ni kazi yake, nayo hutegemea mashine anayoitumia. Muulize pia mapema kuhusu unene wa jalada, kwani karatasi nene, kuanzia gramu 200 hivi kwa mita ya mraba, kwa kawaida huhitaji kutiwa mfuo, yaani kufinywa mstari mahali pa mkunjo, kabla ya kukunjwa ili isipasuke kwenye mkunjo.

Ukurasa wa A5 una milimita 148 kwa 210, lakini picha inayofika ukingoni haina budi kuvuka mstari wa kukata kwa milimita 3 kila upande. Sehemu hiyo ya ziada huitwa blidi. Kisu hakikati mahali pale pale kwa kila rundo la karatasi, na pasipo blidi mteleko mdogo tu huacha mstari mweupe pembeni. Kwa sababu hiyo hiyo, maandishi yasikae karibu mno na ukingo; acha angalau milimita 5 ndani ya mstari wa kukata, na zaidi ya hapo ikiwa pambizo zako zinaruhusu.

Kuhusu picha, pikseli 300 kwa inchi ni kipimo chenye sababu yake. Mashine ya ofseti, yaani ile ya kuchapa nakala nyingi kwa bamba, huvunja picha kuwa vitone vilivyopangwa kwa mistari, mara nyingi mistari 150 kwa inchi kwenye karatasi laini, na kanuni ya wachapaji ni kuwa na pikseli mbili kwa kila mstari. Picha ya kujaza ukurasa mzima wa A5 pamoja na blidi huhitaji basi takriban pikseli 1820 kwa 2550. Picha yenye upana wa pikseli 600 iliyochukuliwa kwenye tovuti itachapika vizuri kwa upana wa inchi 2 tu, yaani milimita 51 hivi, hata kama kwenye skrini inaonekana kubwa na safi. Kubadilisha idadi ya pikseli kwa inchi kutoka 72 kuwa 300 katika programu huku pikseli zikibaki zile zile hakuongezi chochote. Kunapunguza tu ukubwa ambao picha itachapwa.

Rangi ndiyo inayowasumbua wengi, na hapa ningependa tukae kidogo. Skrini hutoa mwanga wa nyekundu, kijani na buluu. Karatasi hurudisha mwanga uliochujwa na wino wa saiani, majenta, njano na nyeusi. Kijani kinachowaka na buluu iliyokolea sana, ambazo skrini huzionyesha bila taabu, hazipatikani kwa wino hizo nne na hufifia zikichapwa. Kwa hiyo, ikiwa kazi moja itakuwa na sura mbili, chagua rangi zake kuu kwa kuanzia na CMYK, yaani wino hizo nne, ukiziangalia kwenye kitabu cha sampuli kilichochapwa, kisha utafute rangi ya skrini inayolingana nazo. Anayeanza na skrini huishia kuombolezea rangi ambayo karatasi haikuwa na uwezo wa kuitoa.

Nyeusi inahitaji uangalifu wa peke yake. Maandishi madogo yawe na wino mweusi pekee kwa asilimia 100. Nilipokuwa mwanafunzi nilinakili maandishi kutoka kwenye faili la skrini, programu ikaigeuza nyeusi yake kuwa mchanganyiko wa wino nne, nami sikukagua. Nakala zilitoka herufi zikiwa na ukungu wa rangi pembeni, maana karatasi ikisogea hata kidogo kati ya wino mmoja na mwingine, wino nne haziwezi kukutana kwenye unyuzi mwembamba wa herufi. Niliumia, kwa sababu maandishi yenyewe yalikuwa mazuri na wasomaji walichoka kuyasoma. Eneo kubwa jeusi ni jambo tofauti: wino mweusi peke yake huko huonekana wa kijivujivu, hivyo huongezewa kiasi cha saiani na rangi nyingine. Usizidishe, kwani jumla ya wino zote mahali pamoja ikipita asilimia 300 hivi kwenye karatasi laini, au 240 kwenye karatasi ya gazeti, wino hukawia kukauka na kuchafua karatasi iliyo juu yake.

Faili la mwisho liwe PDF/X, yaani PDF iliyowekewa kanuni za uchapaji. Toleo la PDF/X-1a hubadilisha kila kitu kuwa rangi za uchapaji na kubana vivuli na sehemu zinazoonyesha kilicho nyuma yake katika tabaka moja, ilhali PDF/X-4 huziacha kama zilivyo. Muulize mchapaji anataka lipi. Kisha lifungue faili hilo upya na ukague kila wino peke yake. Tafuta hasa maandishi meupe yaliyowekewa agizo la kuchapwa juu ya rangi nyingine, kwa sababu nyeupe haina wino, na maandishi hayo yatatoweka kabisa. Prufu, yaani nakala ya majaribio kutoka kwa mchapaji, ikiletwa, isome tangu mwanzo hadi mwisho kana kwamba hujawahi kuiona, tena umpe mtu mwingine aisome, na ndipo utie saini.

Ukigeukia tovuti, isahau sura ya kijitabu. Chukua lile faili la maandishi uliloanza nalo, uliandike kwa HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, likiwa na vichwa, aya na orodha katika utaratibu wake, bila rangi wala safu. Lifungue kwenye kivinjari. Likisomeka vizuri likiwa tupu hivyo, msingi upo. Lisiposomeka, mapambo hayataliokoa. Taja pia lugha ya ukurasa, ambayo kwa Kiswahili huandikwa sw, ili programu zinazowasomea watu wasioona zitumie matamshi yanayofaa pale zinapokuwa nayo.

Baada ya hapo ongeza CSS, lugha inayoueleza kivinjari mwonekano wa ukurasa. Håkon Wium Lie, mtaalamu wa kompyuta kutoka Norwei, alipoipendekeza mwaka 1994, wazo lake lilikuwa kwamba matakwa ya mbunifu na matakwa ya msomaji yapimwe pamoja, na mwanafunzi aliyetoka kwenye uchapaji akilishika hilo atapunguza mapambano mengi na kivinjari. Msomaji anaweza kukuza herufi, kugeuza simu au kutumia fonti yake. Anza na skrini nyembamba yenye safu moja, kisha panua dirisha polepole, na pale ambapo mistari inarefuka mno ndipo uongeze safu au pambizo. Mstari wa herufi 45 hadi 75 husomeka kwa raha. Ukubwa wa maandishi usiufunge kwa pikseli. Tumia kipimo cha rem, ambacho hufuata ukubwa aliouchagua msomaji na ambacho kwa kawaida huanzia pikseli 16.

Kijivu chepesi kinachopendeza kwenye skrini ya mbunifu humnyima msomaji mwenye macho dhaifu haki yake. Mwongozo wa WCAG, unaoeleza namna ya kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu pia, unataka uwiano wa mwangaza wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na rangi iliyo nyuma yake. Kijivu chenye namba #767676 juu ya nyeupe kinapita, lakini #777777 hakipiti. Jicho halitakuambia tofauti hiyo, kwa hiyo pima.

Picha za tovuti hazihitaji pikseli 300 kwa inchi, kwani kwa kawaida kivinjari hakiitazami namba hiyo. Kinachohesabika ni idadi ya pikseli na uzito wa faili. Picha itakayoonyeshwa kwa upana wa pikseli 400 iandaliwe kwa 800, maana skrini nyingi za simu zina pikseli halisi mbili au tatu mahali pa moja. Tumia JPEG au WebP kwa picha za kamera, na SVG, faili la michoro lisilopoteza ukali likikuzwa, kwa nembo, na kila picha yenye maana uipe maelezo ya maneno.

Mwisho, jaribu ukurasa kwenye simu halisi, ukuze maandishi hadi asilimia 200, na uangalie kama kuna kinachofunikwa au kinachokatika. Unapohifadhi kazi, weka picha asilia zikiwa bado RGB, yaani katika rangi za skrini, na bila kupunguzwa, pamoja na fonti na leseni zake, ukihakikisha kwamba leseni hiyo inaruhusu matumizi ya tovuti na si ya uchapaji pekee. Nakala za CMYK ziwe katika folda yake, zikiwa na jina la aina ya karatasi zilizoandaliwa, kwa sababu kijitabu kikichapwa tena kwenye karatasi tofauti itakubidi uzitengeneze upya kutoka kwenye zile asilia.