Namna ya Kupata Malazi ya Shambani Lushoto kwa Gharama Nafuu

Familia nyingi za Dar es Salaam na Tanga zinazotaka kupumzika mashambani huanza kwa kuuliza bei ya chumba, na hapo ndipo bajeti huanza kuvurugika. Kazi yangu ni kuwapangia wageni safari za milima ya Usambara Magharibi, na nimeshuhudia mara nyingi shamba lililoonekana rahisi likigharimu zaidi ya lile lililoonekana ghali, kwa sababu chakula, kuni za kuotea moto na bodaboda za kwenda na kurudi vilikuwa vikilipiwa kando. Utaratibu ufuatao ndio ninaoutumia mwenyewe.

Hatua ya kwanza: chagua majira. Mji wa Lushoto uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mashamba ya upande wa Magamba yako juu zaidi. Kuanzia Juni hadi Agosti usiku huwa na baridi ambayo mtu wa pwani hajaizoea, na wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, njia za udongo huteleza kiasi cha kukwamisha gari dogo. Likizo za shule za Juni na Desemba ndipo vyumba vinapojaa. Asiye na watoto wa shule ningemshauri aende Septemba, au Januari, wakati ambapo peasi na plamsi huuzwa kando ya barabara.

Hatua ya pili: chagua upande wa mlima kabla ya kuchagua nyumba. Soni iko njiani kati ya Mombo na Lushoto, hivyo humfaa anayesafiri kwa basi na asiyependa mizunguko. Irente iko karibu na mji, na kutoka kwenye ukingo wake unaiona Mazinde chini kabisa. Mtae, mbali kaskazini, ina mandhari ya nyika za Mkomazi, lakini mwendo wa kufika huko ni mrefu na wa kuchosha. Usiende kwa ajili ya usiku mmoja.

Hatua ya tatu: tafuta wenyeji wa aina zaidi ya moja. Mashamba ya taasisi za dini ni mahali pazuri pa kuanzia: Irente inajulikana kwa jibini na jemu zake, na Sakharani, karibu na Soni, ni shamba la misheni ya Wabenedikti lenye makadamia na mizabibu. Sehemu kama hizi kwa kawaida ni safi na tulivu, ingawa mgeni hutarajiwa kuheshimu utaratibu wa nyumba. Familia za wakulima zinazopokea wageni mara nyingi hazina tangazo lolote mtandaoni. Waulize waongoza watalii wa Lushoto mjini, kisha omba namba ya mwenye nyumba ili uzungumze naye moja kwa moja.

Hatua ya nne: piga simu na uulize mambo mahususi. Hatua hii ndiyo inayoamua kama utalala vizuri, kwa hiyo usiifanye kwa haraka. Anza kwa salamu kamili, shikamoo kwa aliyekuzidi umri, uulize habari za nyumbani na za shamba, ndipo uingie kwenye shida yako. Mwenyeji aliyesalimiwa vizuri hukueleza hata yale usiyoyauliza. Usiulize kama kuna maji ya moto, kwa maana jibu litakuwa ndiyo kila mahali. Uliza yanachemshwa kwa kutumia nini na saa ngapi. Katika mashamba mengi maji huchemshwa kwa kuni jikoni na kuletwa kwa ndoo, jambo ambalo halina ubaya wowote, mradi ujue kwamba moto huwashwa saa kumi na mbili jioni na kwamba anayetaka kuoga alfajiri lazima aseme mapema. Uliza kila kitanda kina mablanketi mangapi, choo kiko ndani au nje, na umeme ukikatika mnatumia taa gani. Mwisho, omba picha ya kitanda kilichotandikwa na ya choo, zilizopigwa siku hiyohiyo. Picha ya maua ya bustani haikusaidii kulala.

Kama una watoto, uliza pia shambani kuna shughuli gani katika wiki hiyo. Shamba lenye ng'ombe wanaokamuliwa asubuhi na vitalu vya kabichi vinavyomwagiliwa litawafurahisha kuliko nyumba nzuri iliyozungukwa na nyasi tupu.

Hatua ya tano: piga hesabu ya siku nzima. Tuchukue mfano wa familia ya watu wanne. Shamba la kwanza linatoza shilingi 60,000 kwa chumba bila chakula. La pili shilingi 35,000 kwa kila mtu pamoja na milo mitatu, yaani shilingi 140,000. Ikiwa milo ya siku katika shamba la kwanza ni shilingi 25,000 kwa mtu, gharama inafika shilingi 160,000 kabla hujalipa usafiri. Ongeza pia kiingilio cha msitu wa hifadhi wa Magamba kama mnakusudia kuutembelea, maana hicho hakimo kwenye bei ya mwenyeji.

Hatua ya sita: lipa kianzio, usilipe zote. Theluthi moja inatosha. Kabla ya kutuma fedha kwa simu, hakikisha jina linalotokea ni la mtu uliyezungumza naye, kisha umwombe akutumie ujumbe unaotaja tarehe, idadi ya watu, milo na kitakachofanyika iwapo mvua itaifunga njia.

Hatua ya saba: panga kufika mchana. Barabara ya lami kutoka Mombo hadi Lushoto ni takriban kilomita 33, lakini ina kona nyingi na ukungu hushuka jioni. Mpigie mwenyeji siku moja kabla umwambie saa ya kufika, ili akuandalie chakula na amtume mtu wa kuwapokea pale njia ya shamba inapoachana na barabara kuu.