Nyama ya Idi kwenye friza, umeme nao unakatika

Jamani kitoweo cha Idi kikishafika nyumbani usikitupie kwenye friza kama kilivyo, bonge la kilo tano linachelewa kuganda katikati, kata vipande vya mboga ya siku moja, funga kila fungu peke yake na utoe hewa yote, halafu vipange vikiwa vimeachana mpaka viwe jiwe ndo uvibebanishe. Friza iwe nyuzi -18. Andika tarehe. Maini na nyama ya kusaga kula mapema, ndani ya miezi 3 au 4, steki inavumilia zaidi.

Umeme ukikatika usifungue fungue mlango! Friza iliyojaa inashika baridi kama saa 48, iliyojaa nusu tu, saa 24. Ukirudi, bonyeza nyama, kama bado ina chembe za barafu unaweza kuigandisha tena, ila iliyolainika na kupata joto zaidi ya masaa mawili itupe, hata kama inauma.

Kuyeyusha ni kwenye friji usiku kucha, siyo juani wala kwenye beseni jikoni.

Sasa kuharibika: ikiyeyuka ipitishe kidole, ukikuta utelezi unaonata, harufu ya uchachu, au rangi ya kijani, hiyo basi. Kuwa kahawia tu siyo tatizo, na yale mabaka meupe makavu ni baridi imekausha, yakate upike. Na msidanganyane eti ndimu na tangawizi zinaokoa nyama iliyooza, sumu nyingine haziondoki hata uichemshe vipi.