Ng'ombe wa udongo na watoto

Udongo wa mfinyanzi tunauchota bondeni, mvua ikishakatika. Toa mawe na mizizi, ukande kama unga wa chapati mpaka usinate mkononi. Wanangu huanza na ng'ombe: kiwiliwili kinene kama kiazi, miguu minne mifupi. Mirefu hukunjika, na machozi nimeshayafuta ya kutosha. Pembe usizibandike hivihivi. Kwaruza kwa kijiti pale zinapokaa, paka uji wa udongo, ndipo ugandamize. Macho toboa kwa njiti ya kiberiti. Anika kivulini siku tatu au nne, maana jua kali huwapasua. Ng'ombe wa kitindamimba wangu ana mikia miwili, nimemwachia. Ila hatuwachomi, kwa hiyo wakipelekwa kunywa maji wanarudi kuwa tope.