Kufunga zawadi ikakaa vizuri: hatua ninazofuata mezani kwangu, Mwanga, Kigoma

Watu wengi wanaoniletea zawadi iliyowashinda kufunga, mikono yao haina tatizo. Wamekata karatasi kabla ya kupima. Karatasi ikizidi, ncha zinavimba kama maandazi. Ikipungua, inabidi ubandike kiraka, na kiraka kinaonekana hata ukikifunika kwa ua. Mimi nafunga zawadi kwenye meza moja ndani ya duka la steshenari hapa Mwanga. Wiki yenye sendofu na kipaimara sipati muda wa kukaa, kwa hiyo nimejifunza kufanya mambo machache tu, lakini kwa mpangilio.

1. Andaa meza

Unahitaji mkasi mkali, futi ya fundi cherehani, selotepu nyembamba, penseli na kitambaa kikavu. Futa meza, kisha ufute na zawadi yenyewe. Vumbi letu jekundu likiingia kwenye gundi, selotepu haishiki tena.

Karatasi chagua nzito kidogo, maana ile laini sana inachanika kwenye kona. Kama ndiyo unajifunza, chukua yenye maua madogo yaliyotawanyika. Yenye mistari mirefu inamwanika kila aliyekunja upande.

Kibandiko cha bei king'oe. Gundi ikibaki, paka mafuta ya kupikia kidogo, subiri dakika chache, kisha usugue.

2. Pima, na mkasi uwe mbali

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Tuseme una boksi la vikombe: urefu sentimita 30, upana 20, kimo 10.

Upande mmoja wa karatasi unazunguka tumbo la boksi, yaani upana mara mbili na kimo mara mbili: 40 na 20, jumla 60. Ongeza 3 za kupandiana, inakuwa 63. Upande wa pili ni urefu wa boksi pamoja na kimo kimoja na nusu: 30 na 15, jumla 45. Karatasi moja ya sentimita 50 kwa 70 inatosha na chenji inabaki, wakati mtu asiyepima angenunua mbili.

Hicho kimo kimoja na nusu kina sababu. Kila ncha ya boksi inapata robo tatu ya kimo, kwa hiyo mkunjo wa juu na wa chini vinakutana na kupandiana bila kufika ukingo wa pili. Ukiacha zaidi ya hapo, ndipo ncha inapovimba.

Huna futi? Zungusha uzi kwenye boksi, ulaze uzi huo juu ya karatasi.

Kama boksi ni la mraba na karatasi inaonekana fupi, usikimbilie dukani. Liweke boksi kwa mshazari katikati ya karatasi, kona za karatasi zitazame mbavu za boksi. Vuta kona moja ipande ubavuni mpaka juu. Ikipita katikati kidogo, na zote nne zikifanya hivyo, karatasi inatosha. Boksi la 20 kwa 20 lenye kimo cha 8 linafungika kwa karatasi ya mraba ya sentimita 42.

3. Tumbo la boksi

Laza karatasi, upande wenye rangi uelekee mezani. Weka boksi katikati likiwa kifudifudi, ili maungio yaje kukaa chini zawadi ikigeuzwa. Leta ukingo wa kwanza, ubandike kwa kipande kidogo cha selotepu. Ukingo wa pili ukunje kwa ndani sentimita moja na nusu kabla ya kuubandika. Kingo iliyokatwa na mkasi haiwi nyoofu kabisa hata kwa fundi, na mkunjo huo unaificha.

Vuta karatasi ikaze, lakini boksi lisibonyee.

4. Kona

Sukuma karatasi ya kulia na kushoto iingie ndani mpaka iguse boksi. Sasa pita na ukucha wa kidole gumba kwenye kila ukingo, polepole, kutoka kwenye kona ya boksi kwenda nje. Utasikia karatasi inalia kidogo na utaona mstari mwembamba umejichora. Mstari huo ndio unaotofautisha zawadi iliyofungwa na zawadi iliyofunikwa. Naomba usiuruke, hata kama bodaboda anapiga honi nje.

Ukishapiga ukucha, juu na chini zimebaki pembe mbili zilizochongoka pembeni kama kifuniko cha bahasha. Shusha ya juu kwanza, ishike kwa kidole. Ya chini ikunje ncha yake kwa ndani, ipandishe, bandika katikati. Ukiligeuza boksi, mdomo wa mkunjo utatazama chini na jicho halitauona.

5. Vitu vya mviringo

Chupa ya chai usiilazimishe iwe boksi. Izungushie karatasi, kisha kwenye kitako kunja marinda: kunjo dogo, jingine juu yake, yote yaelekee upande mmoja kama sketi ya shule, mpaka yakutane katikati. Funika mkutano huo kwa duara la karatasi. Juu, kusanya karatasi iliyobaki na uifunge kwa utepe.

6. Beseni, hotpoti, sufuria: tumia kitenge

Huku kwetu kitenge ni zawadi na ni kifungio. Kitenge cha yadi mbili usikikate. Kikunje katikati kikaribie mraba, weka chombo juu yake kwa mshazari, funga kona mbili zinazotazamana, halafu mbili zilizobaki. Fundo liwe hivi: kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Masikio ya fundo yakilala kulia na kushoto, umepatia. Yakisimama moja juu na moja chini, fungua urudie, maana hilo linalegea njiani. Bibi harusi akifungua anapata sufuria na anapata vazi. Kwangu mimi hakuna kifungio kinachoipita hiki.

7. Mvua, ziwa na mawese

Msimu mmoja wa mvua nilimfungia mama mmoja hotpoti kwa karatasi nyekundu. Alikuwa anapanda boti Kibirizi kwenda Kagunga, nami sikuweka nailoni. Maji ya ziwa yakarukia mzigo, rangi ikachuja, ikaingia kwenye kitenge chake cheupe cha sherehe. Nilimnunulia kingine, lakini sherehe ilikuwa imeshapita. Tangu siku hiyo namuuliza kila mteja zawadi inasafiri vipi kabla sijagusa karatasi. Ikipita majini au kwenye bodaboda wakati wa mvua, inavaa nailoni angavu juu ya karatasi.

Mawese na dagaa ni zawadi nzuri kwa ndugu walioko mbali, ila funga nailoni mbili kwanza, kisha boksi, ndipo karatasi. Doa la mawese kwenye karatasi halifutiki.

8. Utepe na jina

Kwa boksi letu la vikombe, utepe wa msalaba unakula sentimita 140, na ua la juu kama 60. Nunua mita mbili. Kata ncha kwa mshazari. Utepe wa satini upitishe haraka karibu na moto wa mshumaa usifumuke. Ule wa plastiki ukiuvuta juu ya mgongo wa mkasi unajisokota wenyewe.

Jina la mtoaji liandike kwenye kadi iliyofungwa kwa uzi, na uliandike tena kwenye boksi ndani ya karatasi. Meza ya sendofu ikijaa, kadi zinadondoka, na maharusi wanashindwa kujua wamshukuru nani.

Ukipanda bodaboda, zawadi ikae mapajani kwako, usiifunge kwenye kariya kwa mpira. Mpira unakata karatasi kabla hamjafika Ujiji.