Tachi ikizingua, ipime hivi kabla hujanunua kioo

Natengeneza simu Kariakoo, na watu wengi hufika mezani kwangu hela ikiwa tayari mkononi: "Fundi, tachi imekufa, weka kioo kipya." Kumbe mara nyingi kioo ni kizima kabisa. Inaniuma kuona mtu analipia kipuri asichokihitaji, kwa hiyo leo nakueleza namna ya kuipima mwenyewe ukiwa nyumbani.

Kwanza ujue tachi inasikia nini. Chini ya kioo cha juu kuna utando mwembamba usioonekana, kwa kawaida wa oksidi ya indiamu na bati, uliochorwa mistari ya wima na ya mlalo. Kila mistari miwili inapokutana pana chaji kidogo sana ya umeme. Mwili wako una maji na chumvi, unapitisha umeme, hivyo kidole kikigusa hapo kinavuta sehemu ya chaji hiyo. Chipu ya tachi inakagua makutano yote mara 60 au zaidi kila sekunde, ikitafuta palipobadilika. Ndiyo maana kukandamiza kwa nguvu hakusaidii, na ncha ya kalamu ya plastiki haifanyi kitu. (Baadhi ya redio za bei nafuu za kwenye magari zina tachi ya aina nyingine: zina tabaka mbili zinazogusana ukibonyeza, hata kwa ukucha.)

Sasa chukua kitambaa laini kikavu, zima simu, uifute mpaka pembeni. Kwa joto la Dar hili, jasho peke yake linatosha kuichanganya tachi, na maji ya chumvi ni mabaya zaidi. Mama mmoja anayeuza samaki Feri aliniambia, "Mwanangu, simu hii inawapigia watu ambao sijawaita." Tukaifuta, ikakauka, ikatulia. Kila tone la maji ya bahari lililokaa juu ya kioo, chipu ilikuwa inalihesabu kama kidole.

Kwa mafundi ujenzi ni kinyume chake. Saruji hukausha ngozi ikawa ngumu, na ngozi kavu hivyo tachi inaisikia kwa shida. Nawa mikono, paka mafuta kidogo uyafute, au tumia ubavu wa kidole. Simu nyingi za Samsung zina sehemu kwenye mipangilio ya kuongeza wepesi wa tachi; iwashe.

Kisha chomoa chaja. Ikiwa simu inajibonyeza yenyewe pale tu inapochaji, kioo hakina kosa. Chaja duni hupitisha umeme usiotulia, na ishara ya kidole ni ndogo mno, inamezwa. Jaribu chaja nyingine, na ile mbovu usiirudie.

Protekta nene au yenye mapovu ya hewa nayo ibandue, halafu uzime simu na kuiwasha upya.

Kama bado inasumbua, kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni hiki. Kwenye ukurasa wa mwanzo, shikilia alama ya programu yoyote mpaka iachie, kisha iburute taratibu bila kuinua kidole: juu hadi chini, kushoto hadi kulia, kila sehemu. Ikidondoka palepale kila ukirudia, mistari ya eneo hilo imekatika, na hapo kweli unahitaji tachi mpya. Ikidondoka ovyoovyo, leo hapa kesho kule, tafuta sababu nyingine kwanza.

Itazame simu kwa ubavu pia. Kioo kikiwa kimeinuka au mgongo umetuna, huenda betri imevimba na inasukuma kioo kutoka ndani. Usiichaji tena, usiikandamize irudi, usiitoboe. Ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo.

Ukifika kwa fundi, muulize kama tachi ya simu yako inauzwa peke yake au imeungana na kioo cha picha. Simu nyingi za sasa zimeunganishwa, hivyo utalipia vyote. Na kabla hajapaka gundi, aunganishe waya wa kioo kipya, awashe simu, akupe uburute alama mwenyewe mpaka kona zote nne.