Mombasa hadi Jeddah: kupiga hesabu ya masafa na saa za ndege

Kwa mtu wa Mombasa, Jeddah ni safari nyepesi sana kupigia hesabu, maana viwanja hivi viwili vimekaa karibu mstari mmoja wa kusini na kaskazini. Uwanja wa Moi (MBA) uko longitudo 39.6 mashariki, wa King Abdulaziz (JED) 39.2. Basi shughulika na latitudo tu: Mombasa 4.03 kusini, Jeddah 21.68 kaskazini. Ikweta iko katikati, kwa hivyo jumlisha, usitoe. Hapo ndipo wengi huteleza. Unapata digrii 25.71. Zidisha kwa 111.2, kilomita za kila digrii, ni kama kilomita 2,860.

Marubani wanahesabu kwa maili za bahari, zile zile za manahodha, 60 kwa kila digrii. Programu ikikuandikia "maili", angalia ni zipi: ya bahari ni kilomita 1.852, ya nchi kavu 1.609.

Ukienda Dubai badala ya Jeddah, iko pembeni, kaskazini-mashariki, na hesabu hiyo haifai. Tumia kipimo cha umbali kwenye ramani ya simu, bonyeza uwanja mmoja kisha wa pili. Itakupa kama kilomita 3,670.

Muda: gawanya kilomita kwa 850, mwendo wa ndege kwa saa, ongeza nusu saa ya kupaa na kushuka. Jeddah inatoka dakika 200 na kidogo, ukiongeza 30 inakaribia saa nne za safari. Tikiti huonyesha zaidi, kwani inahesabu tangu ndege inapoachana na lango hadi inapoegeshwa. Kusi na kaskazi usizitie hesabuni. Ndege iko kilomita kumi juu, upepo wa huko ni mwingine.

Ukipitia Nairobi, ni kilomita 423 kisha 2,570. Nyongeza haifiki 140, dakika kumi hivi angani. Kinachokula muda ni kupaa na kushuka mara ya pili, na kukaa chini ukingoja. Kama mzigo umeandikishwa hadi Nairobi tu, utauchukua na kuupeleka tena kaunta. Mwanya wa saa moja hautoshi.

Saa za tikiti ni za mahali penyewe. Jeddah ni sawa na kwetu, Dubai iko mbele saa moja.

Mtego mkubwa ni usiku. Tikiti ikisema Ijumaa 01:30, ni saa saba na nusu ya usiku wa kuamkia Ijumaa. Ukitaka kufika saa tatu kabla, uwe uwanjani Alhamisi saa nne na nusu usiku, na anayevuka kwa feri ya Likoni aongeze foleni yake. Atakayekuja Ijumaa usiku ataikuta ndege ilishaondoka usiku uliotangulia.